Mwito na Mjumbe Wake Wakae Ukurasa Mmoja

Kitivoni kwetu mjadala wa kutafsiri maandishi ya kompyuta huishia kwenye istilahi. Tunabishana kama "kiini" kinatosha au kama "mfumo endeshi" ni bora kuliko "mfumo wa uendeshaji", na muda unakwisha kabla hatujauliza ukurasa wenyewe utamwambia nini msomaji. Mimi nataka kuzungumzia ukurasa. Tutakapoandika mwongozo wa lugha ya C kwa Kiswahili, kila mwito wa mfumo uelezwe pamoja na fanksheni ya maktaba inayoupeleka, mahali pamoja, na kila sentensi ionyeshe ni nani kati ya hao wawili anayezungumza.

Kwa wenzangu wa fasihi ambao hawajawahi kuandika programu, jambo lenyewe si gumu. Programu hairuhusiwi kugusa diski wala mtandao kwa mkono wake. Inaomba, na kiini cha mfumo endeshi ndicho kinachotekeleza. Ombi hilo ndilo mwito wa mfumo. Ila mwandishi wa programu kwa kawaida haombi moja kwa moja. Anaita fanksheni ndogo ya maktaba ya C, mara nyingi yenye jina lilelile la mwito, nayo inapanga hoja zake, inaingia kwenye kiini na kurudi na jibu. Jibu hilo haliletwi kama lilivyotolewa. Faili ikikosekana, kiini cha Linux hurudisha -2. Fanksheni huiweka 2 katika errno na kumpa mwandishi -1. Kauli ni mbili, za wasemaji wawili, na msomaji ameisikia moja tu.

Waliotangulia waliona tofauti hii mapema. Mwongozo wa kwanza wa Unix, wa Novemba 1971, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, uliweka miito ya mfumo katika sehemu ya pili na fanksheni za maktaba katika sehemu ya tatu. Linux ilirithi mgawanyo huo. Lakini ukisoma sehemu ya pili ya mwongozo wa Linux leo, utaona kwamba mara nyingi inayoelezwa ni fanksheni ya maktaba, hasa ya glibc, si mwito mtupu. Katika miaka ambayo Michael Kerrisk aliusimamia mradi huo, kuanzia 2004, kurasa nyingi zilipata kifungu kinachosema wazi wapi maktaba na kiini vinatofautiana. Kwangu mimi vifungu hivyo ndivyo sehemu bora ya mwongozo mzima, na ndivyo mtafsiri mwenye haraka atakavyoviruka kwanza.

Chukua getpid, ambayo kazi yake ni kuuliza namba ya mchakato. Ni swali jepesi kuliko yote. Hata hivyo, kuanzia toleo la 2.3.4 la glibc hadi la 2.24, fanksheni hiyo ilihifadhi jibu la kwanza na kulirudia bila kwenda kwenye kiini. Mtu akizaa mchakato kwa kupiga mwito wa clone mwenyewe, akiipita maktaba pembeni, mtoto aliweza kuuliza namba yake akapewa ya mzazi. Kiini hakikukosea, kwa sababu hakikuulizwa. Tabia hiyo iliondolewa katika toleo la 2.25. Ukurasa unaosema tu "getpid hurudisha namba ya mchakato" ulikuwa sahihi kuhusu mwito na wenye makosa kuhusu fanksheni, na mwanafunzi hakuwa na njia ya kujua.

Kinyume chake ni gettid, inayouliza namba ya uzi. Mwito huo uliingia Linux katika toleo la 2.4.11, mwaka 2001. Glibc ikaupatia fanksheni katika toleo la 2.30, mwaka 2019. Kwa karibu miaka 18 mwito ulikuwepo bila fanksheni yake. Aliyetegemea mwongozo wa maktaba peke yake angedhani jambo lenyewe haliwezekani, ilhali Bionic, maktaba ya C ya Android, ilikuwa na gettid kabla ya glibc.

Bionic inanipeleka Nyabiondo, kwenye barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale. Tuseme kuna kijana pale anayejifunza C. Kompyuta yake ni simu ya Android. Ndani ya simu hiyo mna kiini cha Linux kama kile cha mashine kubwa za vyuo, lakini maktaba si glibc. Tena tangu Android 8, ya mwaka 2017, kuna kichujio kinachozuia programu za kawaida kupiga baadhi ya miito: katika toleo hilo ilikuwa 17 kati ya 271 kwenye vichakataji vya arm64. Programu ikipiga mwito uliozuiwa, mfumo unaiua papo hapo. Kijana huyu akisoma ukurasa ulioandikwa kana kwamba fanksheni ya glibc na mwito wa kiini ni kitu kimoja, ataona programu yake inakufa na atajilaumu bure. Mwanafunzi wa chuo ana mwalimu mlango wa pili. Yeye anaununua mwongozo kwa mega, na ukimdanganya hana wa kumuuliza. (Koltani ya Rubaya, wilaya hiyohiyo ya Masisi, hutoa tantalumu inayotumika ndani ya simu. Maelezo ya simu ndiyo hayarudi huko.)

Nimesikia hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Wanasema anayeandika programu ya kuhamishika, itakayoendeshwa popote, anahitaji fanksheni tu kama ilivyowekwa katika kiwango cha POSIX. Kumweleza mambo ya kiini ni kumjaza habari zitakazobadilika kesho. Ni kweli zinabadilika. Fanksheni ya fork katika glibc imekuwa ikipiga mwito wa clone tangu toleo la 2.3.3, na open imekuwa ikipiga openat tangu 2.26. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika, pamoja na namba ya toleo. Mtu anayefuatilia programu yake kwa strace anaona openat mahali alipoandika open. Asipopata maelezo ataamini kuwa kuna hitilafu.

Sisi wa lugha tulipaswa kuelewa haya kabla ya watu wa kompyuta. Mzee wa Nyabiondo akieleza jambo kwa Kihunde, likafasiriwa kwa Kiswahili, kisha likaandikwa kwa Kifaransa, mtafiti makini huuliza neno lililo kwenye karatasi ni la mzee au la mkalimani. Tunafundishwa kuhifadhi kauli ya asili kando ya tafsiri. Hata kwenye kamusi tunafanya hivyo: kitenzi huingizwa kama -fa, na mwanafunzi anaelezwa kwamba ile ku- ya "anakufa" imekuja kubeba mzigo na itapotea katika "hafi". Hakuna anayesema maelezo hayo yanamchosha msomaji.

Sasa istilahi, kwa kuwa haziepukiki. Kwa fanksheni inayopeleka mwito, pendekezo ninalolisikia mara nyingi ni "kifungashio". Silipendi. Linafuata picha ya Kiingereza, na picha hiyo yenyewe inapotosha: karatasi ya kufungia sukari haiibadilishi sukari, wala haijibu maswali kwa niaba yake. Fanksheni hii hugeuza majibu, huchagua mwito mwingine, na katika kisa cha getpid ilijibu bila hata kutoka nyumbani. Hiyo ni kazi ya mjumbe. Napendekeza "mwito" kwa kile kinachofika kwenye kiini na "mjumbe" kwa fanksheni inayoupeleka. Najua Tanzania mjumbe ni mtu wa nyumba kumi au wa kamati, lakini hata huyo kazi yake ni kupeleka maneno juu na kuyarudisha, na kila mtaa una kisa cha maneno yaliyorudi yamegeuka.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza ningeomba uwe wa getpid. Ni mfupi, na darasa moja la tafsiri linaweza kuumaliza kwa wiki mbili pamoja na mtu mmoja wa idara ya kompyuta. Juu uwekwe mwito: unaulizwa nini, unajibu nini. Chini yake mjumbe wa glibc, na matoleo ambayo alikuwa akijibu kwa kumbukumbu. Kisha mjumbe wa Bionic, baada ya kujaribiwa kwenye simu halisi, si kwenye mashine ya maabara pekee. Baada ya hapo tufanye gettid.