Kolwezi: Mkulima atunze udongo gani, na kwa maji ya nani?

Mvua inapokatika kati ya mwezi wa nne na wa tano, kilimo cha pembeni ya Kolwezi kinahama. Mashamba ya mahindi na mihogo ya juu yanakauka, na familia zinashuka kwenye dembo, yale mabonde yanayobaki na unyevu kiangazi chote. Hapo ndipo zinapolima lengalenga, matembele, kabichi, vitunguu na nyanya za kuuza mjini. Bustani hizo zinamwagiliwa kwa maji ya mto au ya kisima kifupi, ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni. Na ni kwenye mabonde hayo hayo ndiko maji ya migodi yanakoteremkia.

Kwa miaka mingi wataalamu wa kilimo wamewapa wakulima wadogo wa Lualaba mashauri yaleyale: usichome majani, yarudishe shambani, tengeneza mbolea ya samadi, lima matuta kukingama na mteremko ili mvua isibebe udongo, zungusha mahindi na kunde au njugu. Mashauri hayo ni mazuri. Ila yanadhani kwamba mkulima ana mambo mawili ambayo wengi hapa hawana: maji anayojua yamebeba nini, na ardhi ambayo atakuwa nayo bado baada ya miaka mitatu.

Tuanze na maji. Uchafu huu haukuanza na kampuni za leo. Tangu enzi za Union Minière, kisha Gécamines, mabaki ya kusafisha shaba yalirundikwa Kingamyambo na kwenye bonde la mto Musonoi, na kiwanda cha Luilu kinafanya kazi tangu 1960. Mwaka wa 2012 televisheni ya BBC ilionyesha maji yenye asidi yakiingia mto Luilu. Mwezi wa tatu 2024, shirika la RAID la Uingereza na AFREWATCH la Kongo yalitoa ripoti juu ya maji karibu na migodi 5 mikubwa ya Kolwezi na Fungurume. Wakaaji waliohojiwa walilalamikia mavuno kupungua, samaki kupotea na magonjwa ya ngozi na ya wanawake. Baadhi ya kampuni zilipinga matokeo hayo. Katika mabishano hayo mkulima yuko peke yake, maana shaba na kobalti zilizoyeyuka kwenye maji hazionekani kwa macho.

Udongo nao una hesabu yake. Udongo mwekundu wa Katanga kwa asili una asidi, na asidi ikizidi, shaba na kobalti zinayeyuka kwa urahisi na kuingia kwenye mizizi. Mboga za majani ndizo zinazobeba nyingi kuliko mahindi au nyanya. Yaani chakula cha kila siku, lengalenga ya kula na bukari, ndicho chenye hatari kubwa. Wazee walijua sehemu ya jambo hili bila maabara: vilima vya shaba vinajulikana kwa kukosa miti, vinaota nyasi na maua ya pekee, na hakuna aliyekwenda kulima pale. Tofauti ya leo ni kwamba vumbi na maji vimeishusha shaba ya kilima mpaka bondeni.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kimefanya majaribio kwa miaka mingi kwenye udongo uliochafuliwa. Chokaa na mbolea ya samadi au ya majani vinapunguza asidi na kuzuia sehemu ya metali isiingie kwenye mmea. Haviiondoi. Kazi inabidi irudiwe, na kama maji ya kumwagilia yenyewe ni machafu, chokaa ya mwaka huu inaliwa na maji ya mwaka ujao. Kinachoshangaza ni kwamba chokaa si kitu cha mbali. Inachimbwa Kakontwe karibu na Likasi, na viwanda vya madini vinaitumia kuua asidi yao wenyewe. Bei na usafiri ndivyo vinavyomfungia mkulima mlango.

Hata akiipata, ataimwaga kwenye ardhi ya nani? Sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 iliweka udongo wote mikononi mwa serikali. Kuhusu ardhi za jamii za vijijini, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais ya kupanga haki zao. Zaidi ya miaka 50 imepita, amri haijatoka. Sheria ya kilimo ya 2011 inatambua haki za kimila bila kudai hati ya usajili, lakini mbele ya kampuni yenye kibali kutoka Kinshasa, neno la chefu wa kijiji lina uzito mdogo.

Sheria ya madini, iliyorekebishwa mwezi wa tatu 2018, inaagiza anayelima alipwe fidia akiondolewa. Mara nyingi mabishano yanahusu mihogo mingapi imehesabiwa na miembe mingapi. Miaka ya samadi na majani yaliyozikwa haina mti wa kuhesabu. Basi mwenye akili anapanda kinachoiva haraka, anachoma makala, anavuna na kusubiri. Wanaomlaumu kwa kuchosha udongo wangejiuliza kama wao wangefanya vingine.

Sheria hiyo hiyo ina silaha ambayo haitumiki vya kutosha. Kifungu cha 285 bis kinamtaka mwenye kibali alipe madhara ya kazi zake hata kama hakukuwa na kosa. Mkulima hana haja ya kuthibitisha uzembe. Anatakiwa kuonyesha kwamba hasara yake ilitoka mgodini. Ndiyo maana kipimo cha maji kilichochukuliwa kabla ya mgodi kufunguliwa, na kingine kila msimu, kina thamani kuliko semina kumi.

Pesa za kupima zipo. Kampuni zinatakiwa kutenga angalau 0.3% ya mauzo ya mwaka kwa maendeleo ya jamii, na 15% ya kodi ya madini inakwenda kwa miji, sekta na sheferi. Sehemu ndogo sana ya fedha hizo ingetosha kwa maabara isiyo ya kampuni na kwa malori ya chokaa.

Jirani tayari ameonja gharama ya kuchelewa. Tarehe 18 mwezi wa pili 2025, bwawa la mabaki la Sino-Metals lilipasuka Zambia na asidi ikafika mto Kafue. Mwezi wa kumi na moja mwaka huo ilikuwa zamu ya Lubumbashi, maji ya kampuni ya CDM yalipoingia mitaani na waziri wa migodi akasimamisha kazi zake. Lubumbashi ni mji mkubwa, wenye kamera na waandishi. Maji yakimwagika usiku kwenye dembo ya Mutshatsha au Lubudi, wa kwanza kujua ni mama anayekuta matuta yake ya lengalenga yameungua asubuhi.