Musuli unatoka kwenye sufuria, hautoki kwenye mukebe

Kama unaishi Goma, unamujua mutu wa chukudu. Anatelemuka asubuhi toka Kibumba na magunia ya viazi ao kabichi, mikono na mapaja magumu kama mbao. Bukavu nako tunawajua wamama wabeba mizigo, wenye kupandisha mulima na gunia mugongoni, kamba ikikaza kwenye paji la uso. Nguvu ile haikujengwa na mukebe wa unga wa proteini. Ilijengwa na kazi, na maharagi, na samaki wadogo wa ziwa.

Lakini leo katika miji yetu kijana anayeingia kwenye sale ya mazoezi anaambiwa kwanza: tafuta mukebe. Akikosa pesa ya mukebe, anaonyeshwa komprime za bei ndogo. Hapo njo tatizo linaanzia. Tena linakuja wakati mubaya. Tangu M23 ilipoingia Goma mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, kiisha Bukavu katika mwezi wa pili, banki zilifunga milango, kazi nyingi zikasimama, na pesa imekuwa ngumu kupatikana. Mwenye dola chache mufukoni anapaswa kuchagua vizuri.

Mwili unaomba nini

Tuanze na hesabu, maana ndiyo itatusaidia mbele ya muuzaji. Shirika la afya duniani, OMS, linapendekeza gramu 0,83 za proteini kwa kila kilo ya uzito wa mutu mukubwa, kila siku. Mutu wa kilo 60 anahitaji basi karibu gramu 50. Anayenyanyua vyuma na anataka musuli uongezeke anahitaji zaidi: wataalamu wa michezo wanaweka kati ya gramu 1,4 na 2 kwa kilo. Tukichukua 1,6, mutu wetu wa kilo 60 anafika gramu 96.

Kipimo kimoja cha ule unga wa mukebe kinaleta karibu gramu 25. Gramu 25 zilezile unazipata katika mayayi 4. Unazipata katika gramu 115 za maharagi makavu, ao gramu 100 za karanga, ao gramu 70 za soya kavu. Kwa sambaza zilizokauka vizuri, gramu 40 zinatosha. Sasa chukua bei ya soko lako ya leo, gawanya, na ulinganishe na bei ya mukebe. Fanya hesabu hiyo wewe mwenyewe kabla ya kulipa.

Mufano wa siku moja: fufu ya unga wa mahindi gramu 300, maharagi gramu 150 yakipimwa makavu, sambaza kavu gramu 50, karanga gramu 40. Jumla inafika karibu gramu 97. Hakuna kitu hapo ambacho mama hakijui.

Lakini angalia: tumesema fufu ya mahindi. Gramu 100 za unga wa mihogo hazifikishi hata gramu 2 za proteini. Za mahindi zina karibu 8. Mihogo inajaza tumbo na inaleta nguvu ya kutembea, lakini haijengi. Anayekula fufu ya mihogo na sombe kidogo kila siku anashiba, na mwili unabaki unaomba. Kuchanganya unga wa mahindi katika ule wa mihogo ni mabadiliko madogo yenye faida kubwa. Tena mahindi na maharagi vinasaidiana: kile ambacho proteini ya mahindi inakosa, maharagi yanacho, na kile ambacho maharagi yanakosa, mahindi yanacho.

Komprime za kunenepesha ni deni

Katika farmasi na kwenye meza za barabarani kunauzwa komprime ambazo watu wanachukua ili "wajae". Mara nyingi ni deksametazoni ao siproheptadini. Zote mbili ni dawa za kweli, zenye kazi yake munganga akiziandika. Hakuna hata moja inayojenga musuli.

Deksametazoni inafanya uso uvimbe na mwili ubakize maji na mafuta. Kwenye kioo kijana anaona amejaa. Ndani kunapita jambo la kinyume: dawa hiyo ikichukuliwa siku nyingi inakula musuli wa mapaja na mikono, inapunguza nguvu ya mifupa, inapandisha sukari na presha. Na aliyeizoea kwa muda murefu hapaswi kuiacha gafla, maana mwili wake umeacha kutengeneza ya kwake. Amuone munganga amupunguzie pole pole. Siproheptadini nayo inaamusha hamu ya kula, lakini inaleta usingizi. Fikiria mumotari mwenye usingizi kwenye barabara ya Sake.

Maharagi ni bei, na makala ni bei

Mutu atasema: maharagi yako, makala haiko. Ni kweli, na ni lazima tuliseme. Familia nyingi zinaacha maharagi kwa sababu yanakaa saa nyingi kwenye moto. Dawa yake ni ya zamani: yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika na maji mapya, funika sufuria. Saa za moto zinapunguka sana. Majirani wawili ao watatu wanaweza kupika sufuria moja kubwa na kugawana makala, kila mutu akaunga yake kwake.

Soya haikuliwi mbichi, maana ina vitu vinavyozuia tumbo kutumia proteini yake. Ichemushe ao ikaange vizuri, kiisha saga. Uji wa masoso, ndiyo mahindi, soya na sorgo, unafaa mutoto na unafaa kijana anayetoka kwenye mazoezi. Sambaza kavu zisage pamoja na mifupa, utie unga wake katika sombe ao mboga. Mifupa ile inaleta kalisiamu.

Musuli na barabara

Tungeishia hapa kama soko lingekuwa karibu na shamba. Haliko karibu. Maharagi yanayoliwa Goma yanatoka sana Rutshuru na Masisi. Ya Bukavu yanatoka Kalehe na vijiji vingine vya milimani. Kila bariere njiani inaongeza kitu juu ya gunia, na mulimaji aliyekimbia vita hapandi. Masisi ndiko kunatoka maziwa na fromaje. Ng'ombe wakiibiwa, fromaje inakuwa chakula ya wenye pesa tu.

Ziwa nalo ni vilevile. Sambaza hazikuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Zililetwa toka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndugu zetu wa Uvira na Baraka wanaziita ndakala. Leo ndizo nyama ya masikini. Lakini zinavuliwa usiku, kwa taa. Usiku ukiharibika ziwani, asubuhi kilo inapanda.

Mwaka wa 2025, hesabu ya IPC ilionyesha watu karibu milioni 28 wenye njaa kali katika Kongo nzima. Mwili usiopata chakula ya kutosha unachoma proteini kama kuni, ili moyo na akili viendelee. Anayekula mara moja kwa siku na kunyanyua vyuma jioni anaunguza nyumba yake mwenyewe. Kwake shauri ni kupunguza mazoezi mpaka sahani ya pili ipatikane.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wa Kivu ya Kusini wameshika: kobayi. Inafugwa jikoni kwa majani, inazaa haraka, na siku ya kukimbia unaiweka katika kitunga na kwenda nayo. Mwizi wa ng'ombe haioni.

Sahani ni moja

Neno la mwisho ni kwa kijana anayeishi kwa wazazi. Sufuria ya nyumbani ni moja. Sambaza ukiziongeza kwenye sahani yako, zinatoka kwenye sahani ya nani? Bwaki, ile ya miguu kuvimba na nywele kugeuka rangi, tunaijua huku kwetu kupita vitabu. Mutoto mudogo na mama mwenye mimba wanapita mbele. Nyuma yao anakuja anayebeba muzigo ili nyumba ile, kiisha anayenyanyua vyuma.

Kwa hiyo pesa ya mukebe, kama unayo, ipeleke sokoni: kilo ya maharagi, kilo ya soya, sambaza kidogo. Itaingia kwenye sufuria na nyumba nzima itakula, na wewe utapata sehemu yako. Mwenye ugonjwa wa figo aulize munganga kwanza. Wengine wote, loweka maharagi leo jioni.

Na wale wanaosimamia barabara na bariere, wa upande wowote, wajue hesabu hii inawahusu: kila franka wanayoongeza juu ya gunia la maharagi, kuna mutoto anayeilipa kwa mwili wake.