Tuba ya Babu na Safari ya Dar es Salaam

Juma hili tumepokea barua kutoka Magara, iliyoandikwa na mama mmoja, mke wa polisi. Anaeleza kwamba marehemu baba mkwe wake, aliyekuwa mpigaji katika fanfari, aliacha nyumbani tuba, yaani lile tarumbeta kubwa la sauti ya chini ambalo mpigaji hulipakata kama mtoto. Mjukuu amejifunza kuipiga. Sasa anakwenda Dar es Salaam kwa mjomba wake kutafuta maisha, naye anataka kuichukua. Baba mtu anasema heri iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, nauli ipatikane. Mama anauliza, nani asikilizwe? Kwa sasa tuba yenyewe imewekwa ghalani kando ya madebe ya mawese, na kuku amekwisha taga mdomoni mwake.

Tutajibu kwa heshima, kwa kuwa mumewe naye husoma ukurasa huu.

Tuba ina uzito wa kilo kumi hivi za shaba ya manjano. Mnunuzi wa chakavu hapimi sauti, hupima kilo; akishalipa ataiponda. Nauli ya safari moja huenda ikapatikana, lakini chombo cha namna hiyo hakitarudi tena katika ukoo. Baba, tafadhali usiuze.

Hata hivyo, sisemi kijana aondoke nayo kesho. Ala kubwa za shaba hazikuenea Afrika Mashariki mgongoni mwa mtu aliyejiendea peke yake. Wagoa waliopiga bendi ya Sultani Barghash wa Unguja, aliyetawala toka 1870 hadi 1888, walivuka bahari kuja kwenye kazi iliyokuwa ikiwangoja. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu walianzisha ngoma ya beni kwa kuiga bendi za Wazungu. Huko Tanganyika ikashikwa na vyama vya Marini na Arinoti, vyenye vyeo kama vya jeshi. Vita ya 1914 hadi 1918 ikawachukua askari na wapagazi mbali na pwani, na beni ikaenda nao. Walipotawanyika kurudi makwao kandokando ya ziwa Nyasa, hawakuwa na shaba wala fedha ya kuinunua. Wakachukua vibuyu, wakavitoboa, wakabandika utando wa buibui juu ya tundu, wakaimbia ndani yake hata sauti ikavuma kama tarumbeta. Ngoma hiyo ndiyo malipenga.

Habari hii naipenda mno. Wale walikuwa na wenzao, chombo hawana; wakakitengeneza. Kijana wetu ana chombo, wenzake bado hajawapata, na wenzake hawatengenezwi kwa kibuyu. Mpiga gitaa aweza kukaa barazani peke yake akakusanya watu. Mpiga tuba akikaa peke yake, jirani atauliza atamaliza lini. Kazi yake ni kuwabeba wengine kwa chini.

Kwa hiyo, mama, shauri letu ni hili. Kile kikombe cha kupulizia huchomoka. Mwanao akifute, akitie mfukoni, aende nacho hicho tu. Kila mpigaji hupenda chake kwa kuwa midomo imekizoea, na bendi nyingi duniani humiliki zenyewe ala zilizo kubwa. Dar es Salaam vikundi vya matarumbeta husindikiza harusi vikiwa nyuma ya pikapu. Hali kadhalika makanisa kadhaa yana bendi zao. Aende akasikilize, amwamkie kiongozi, aombe kujaribiwa. Asikose kuuliza noti zao zimeandikwaje, maana bendi za shaba za mtindo wa Kiingereza huiandikia tuba kwa ufunguo wa G, ilhali bendi za kijeshi huiandikia kwa ufunguo wa F. Askari wa bendi wanaosoma hapa wanajua aibu ya kugundua jambo hilo katikati ya wimbo. Aidha, kupiga kwa malipo katika nchi ya watu ni kazi, na kazi hutaka kibali.

Akipata kiti katika bendi, ndipo tuba imfuate: Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka wa Manyovu, Kigoma, kisha ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mdomo wake mpana ujazwe nguo ili usibonyee, na sanduku liwe gumu. Namba iliyochongwa kwenye chombo iandikwe katika karatasi pamoja na picha, na forodha wagonge mhuri wakati wa kutoka, ili siku ya kurudi asidaiwe ushuru kama aliyenunua ugenini. (Ndege tusiizungumze. Mashirika mengi huruhusu mzigo wa kilo 23, na urefu, upana na kina kwa jumla visizidi sentimita 158. Tuba ndani ya sanduku lake hupita hapo.)

Mpaka siku hiyo, mlinzi wake ni wewe, mama. Ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ikaushwe kivulini. Najua Rumonge ni nchi ya michikichi, lakini msithubutu kutia mawese kwenye vali; huganda, na vali ikiganda haibonyezeki. Yatafutwe mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mara moja kwa juma mumeo abonyeze vali zote, naye huenda akajaribu kupuliza. Usimcheke.

Na yule kuku apewe kikapu chake kabla hajaanza kuatamia.