Timu za kartiye zinakufa kwa kukosa daftari

LUBUMBASHI – Siku Mazembe na Lupopo wanapokutana, mji wote unasimama. Soko linafunga mapema, taxi-bus zinabeba bendera, na kesho yake kazini hakuna habari ingine. Lakini mpira wa Lubumbashi haukai katika mechi hiyo moja tu. Unakaa pia katika viwanja vya vumbi vya Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na Annexe, ambako saa kumi ya jioni vijana wanafika na viatu vilivyoshonwa mara tatu, na wengine miguu wazi.

Timu hizo za kartiye zinazaliwa kila mwaka, na kila mwaka zinakufa. Ukiuliza sababu, jibu ni moja: umaskini. Umaskini upo, hakuna wa kubisha. Ila ukiangalia vizuri namna timu hizo zinaendeshwa, kuna ugonjwa mwingine unaoua mbele ya njaa: hakuna anayeandika kitu.

Timu inazaliwa hivi. Vijana wa avenue mbili ao tatu wanacheza pamoja. Mkubwa mmoja wa kartiye, mwenye duka, mwenye kuuza madini ao mwenye kutafuta kura, anapendezwa nao. Ananunua mipira miwili na nguo zenye namba mgongoni. Kutoka siku hiyo anaitwa prezida. Yeye ndiye analipa feza ya kuandikisha timu kwenye Entente, leseni za wachezaji, waamuzi, usafiri wa kwenda kucheza komini ingine, na dawa ya aliyeumia goti. Nguo zinalala kwake. Leseni ziko katika kabati lake. Statuti, kama ziliandikwa, ziko katika simu yake.

Kisha siku moja biashara ya prezida inaanguka, ao anahamia Kolwezi, ao uchaguzi unapita na yeye hakupita. Timu inakwisha siku hiyo hiyo. Hakuna anayejua deni ni kiasi gani, wala nani aliandikishwa na nani alicheza kwa jina la kaka yake. Msimu unaofuata vijana wale wale wanaanza tena kutoka sifuri, na jina jipya na prezida mpya.

Katika kartiye hiyo hiyo, mita mia moja kutoka uwanja, wamama wa soko wanaendesha likelemba. Hawana ofisi wala muhuri. Wana daftari moja la shule lenye majina, tarehe na franga. Kila mmoja anajua nani ametoa, nani hajatoa, na zamu ya wiki ijayo ni ya nani. Mwenye kushika daftari akigonjwa, mwingine analishika na mzunguko unaendelea. Wamama hao si matajiri kuliko wapenzi wa mpira. Wanaheshimu tu methali ya zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna wanaodhani mambo ya kuandika ni ya klabu kubwa. Wanasahau kwamba klabu kubwa za mji huu zilianza kama kikundi cha watu wa kawaida. TP Mazembe ilizaliwa mwaka wa 1939 katika Institut Saint-Boniface, shule ya wamonaki Wabenedikto wa Elisabethville, ili wanafunzi wasiokwenda upadri wapate kitu cha kufanya. Iliitwa Saint-Georges. Mwaka wa 1944 ikaitwa Saint-Paul. Wamonaki walipoacha kuiongoza, ikachukua jina la Englebert, kampuni ya mipira ya magari iliyoisaidia. Jina la Mazembe lilikuja baadaye. Saint-Éloi Lupopo nayo ni ya mwaka wa 1939. Hadi leo wanaiitwa Cheminots, watu wa reli, na mtakatifu wake, Eligi, ni msimamizi wa wafua vyuma.

Jambo la kutazama ni kwamba katika timu hizo za mwanzo, nyuma ya mpira kulikuwa na shule ao kazi ya reli, mahali ambapo kuandika lilikuwa jambo la kila siku. Mwalimu alikuwa na orodha ya wanafunzi. Reli ilikuwa na orodha ya wafanyakazi. Saint-Georges ilibadili jina na viongozi, ilibadili hata msaidizi, lakini haikuanza kutoka sifuri. Kulikuwa na kitu cha kukabizi kwa wanaofuata.

Hata vikombe vya Afrika vimepotea kwa sababu ya mambo ya ofisi. Mwaka wa 1967 Englebert ilikutana na Asante Kotoko ya Kumasi katika fainali ya klabu bingwa. Mechi mbili, sare mbili. CAF ikaamuru mechi ya tatu. Kotoko haikufika, na kombe likabaki na watu wa Lubumbashi. Huko Ghana inasimuliwa mpaka leo kwamba habari ya mechi hiyo haikuifikia klabu kwa wakati. Mwaka wa 1968 Englebert ilishinda tena, mara hii kwa mabao, mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Ila kombe lile la kwanza ni somo: timu inaweza kuwa na miguu mizuri na kushindwa kwa sababu ya barua.

Mfano mwingine ni wa karibu zaidi. Katika Mei 2016 Moïse Katumbi, prezida wa Mazembe tangu mwaka wa 1997, alitoka nchini, na akarudi katika Mei 2019. Ni miaka mitatu bila prezida mjini. Katika muda huo Mazembe ilitwaa Kombe la Shirikisho la CAF mara mbili, mwaka wa 2016 na wa 2017. Mtu anaweza kupenda siasa ya Katumbi ao kuikataa, hilo ni lake. Lakini ukweli uko pale: kulikuwa na uwanja wa klabu Kamalondo, kulikuwa na wakubwa wa ofisi, na kila mtu alijua kazi yake. Timu za kartiye zinaiga kutoka Mazembe sehemu moja tu, ile ya kumtafuta mkubwa mwenye feza. Sehemu ya pili, ile inayofanya kazi wakati mkubwa hayupo, haziigi.

Uzembe huo una bei, na bei yake inahesabika kwa dola. Kanuni za FIFA zinasema hivi: mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda klabu ya nchi ingine kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zote zilizomkomalisha kutoka miaka 12 mpaka 23. Kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, klabu inapata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu wa miaka 16 hadi 23, inapata nusu ya asilimia. Basi kijana akiuzwa kwa dola milioni 1, klabu iliyomwandikisha misimu minne, tangu miaka 12 hadi 15, iko na haki ya dola 10 000. Kwa timu ya Katuba ao ya Ruashi hizo ni nguo, mipira, usafiri na leseni za miaka mingi.

Lakini feza hiyo haitolewi kwa sababu kartiye nzima inajua kwamba kijana alikomalia pale. Tangu mwisho wa mwaka wa 2022, FIFA iko na ofisi Paris inayoshugulikia malipo hayo. Ofisi hiyo haiwaulizi majirani. Inasoma pasipoti ya mchezaji: aliandikishwa na klabu gani, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani. Kama miaka ile mitatu ya kwanza hakuwa na leseni, miaka hiyo ni kama haikuwepo. Kama alicheza kwa jina la kaka yake ao kwa miaka ya uongo, karatasi zitapigana zenyewe. Timu inayopunguza miaka ya kijana ili ishinde kombe la kartiye inaweza kuwa inatupa dola 10 000 kwa ajili ya mbuzi mmoja wa zawadi.

Kuna pia hatari ya uwanja. Kwa sheria ya Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali. Mtu ao shirika linapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inajulikana kwa karatasi. Kiwanja ambacho vijana wamecheza kwa miaka thelathini bila karatasi yoyote, mbele ya mwenye karatasi ni uwanja mtupu tu. Siku mawe ya mpaka yanapowekwa, vijana wanapiga kelele, wazee wanasema “hapa tulicheza tangu zamani”, na mwenye karatasi anaendelea kujenga. Timu isiyo na statuti haiwezi hata kuandika barua ya kulalamika kwa jina lake, maana mbele ya sheria haina jina.

Na sheria inatoa njia. Sheria ya 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida iko wazi kwa timu ya mpira sawa na kwa kikundi cha wakulima. Inaomba statuti zilizopita kwa notere, orodha ya wanamemba, majina ya viongozi na ripoti ya mkutano. Kazi hiyo ina gharama na inachosha, na ofisi zetu zinajulikana kwa “rudi kesho”. Lakini timu isiyokuwa hata na orodha ya wanamemba haiwezi kufika kwenye mlango wa kwanza.

Wapinzani wana jibu lao, na si la kudharau. Wanasema: prezida anatoa feza ya mfuko wake, sasa mtamuomba hesabu ya feza yake mwenyewe? Atakasirika, ataondoka, na watoto watabaki bila mpira. Wanasema pia kwamba wapenzi wa timu hawatoi mchango, wanatoa kelele tu.

Hayo mawili yanatoka katika chanzo kimoja. Watu hawatoi kwa sababu hawajui feza inakwenda wapi. Katika kilio, watu hao hao maskini wanatoa, na wanatoa wote, kwa sababu kuna meza, kuna daftari, na jina la kila mmoja linasomwa kwa sauti. Wapenzi thelathini wakitoa franga 2 000 kila mwezi, ni franga 60 000. Hazitoshi kuendesha timu, lakini zinatosha kufanya jambo kubwa zaidi: timu inakuwa ya watu thelathini na moja, pamoja na prezida. Na prezida mwenye moyo mzuri hapotezi kitu feza yake ikiandikwa. Kinyume chake, siku akigombana na watu, daftari ndilo litakalosema alitoa nini. Anayekataa feza yake iandikwe alikuwa anajinunulia jina, si kusaidia timu.

Kinachotakiwa si ofisi yenye kompyuta. Ni madaftari matatu ya shule. La kwanza ni la feza: iliyoingia, iliyotoka, na sahihi mbili, ya mweka hazina na ya mtu mwingine asiye wa jamaa ya prezida. La pili ni la wachezaji: jina lote, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye karatasi, majina ya wazazi, siku aliyofika, siku aliyoondoka na alikokwenda, na namba ya leseni. La tatu ni la mechi: tarehe, mpinzani, uwanja, waliocheza, waliofunga. Picha za kurasa zipigwe kila mwisho wa mwezi na zitunzwe na watu watatu tofauti, ili moto, mvua ao ugomvi visimalize kila kitu.

Kisha mara moja kwa mwaka, kabla Entente haijafungua msimu, mkutano wa wote chini ya muti, hesabu zisomwe, viongozi wachaguliwe, na yule anayeondoka akabizi nguo, mipira na madaftari mbele ya macho ya watu. Kama kartiye iko na mama anayeshika likelemba bila franga moja kupotea, huyo ndiye wa kupewa uweka hazina, hata kama hajui sheria ya kuotea.

Daftari la tatu linaweza kuonekana kama la kujifurahisha tu. Lakini wazee waliocheza mpira wa kartiye za mji huu wanaondoka mmoja mmoja. Kwenye kilio chao watu wanasema “alikuwa fundi wa mpira”, na hapo maneno yanaisha. Alicheza mwaka gani, na nani, alifunga mara ngapi, hakuna anayejua. Mazembe na Lupopo wanaweza kurudi mpaka mwaka wa 1939 na kutaja majina. Timu nyingi za Katuba na Kenya haziwezi kurudi hata miaka mitano.

Daftari moja la kurasa mia ni bei ndogo kuliko mpira mmoja. Timu itakayolinunua kabla ya msimu huu haitapata kombe kwa sababu hiyo. Itapata nafasi ya kuwa hai msimu ujao, na jina lake lile lile.