Elimu ya bure mtandaoni: Ni wakfu au ni hisani?

Sisi wa Pwani tuliopelekwa chuoni kusoma Kurani tungali wadogo twalijua vyema neno wakfu. Mtu huchimba kisima akakitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, na tangu siku hiyo kisima hicho hakiuzwi, hakirithiwi, wala mwenyewe hana ruhusa ya kukirudisha. Lakini yuko pia tajiri awekaye mtungi wa maji barazani pake. Wapita njia hunywa, wakamwombea dua. Hata hivyo mtungi ni wake, na siku atakayo huuingiza ndani.

Mfano huu wafaa sana tukitazama jinsi vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha hivi leo. Machi 2020, Serikali ilipoamuru shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona, wahadhiri wengi walikimbilia vyombo vya bure vya intaneti: Zoom, Google na WhatsApp. Viliwafaa, nasi hatuna budi kushukuru. Bali hayo yalikuwa maji ya mtungi. Mkutano wa bure wa Zoom una kikomo cha dakika 40, ilhali mhadhara ni wa saa nzima au mbili. Google nayo ilikuwa imevipa vyuo ghala lisilo na mwisho. Mwaka wa 2021 ikatangaza kwamba kuanzia Julai 2022 kila chuo kitakuwa na terabaiti 100 za bure. Anayetaka zaidi alipe. Hatuwezi kuwalaumu, kwani mtungi ni wao.

Je, visima vya wakfu viko? Naam, viko. Mwaka wa 2001 chuo cha MIT cha Marekani kilitangaza kuwa kitaweka masomo yake wazi kwa ulimwengu mzima. Leo masomo hayo yapita 2,500, na kijana wa Lamu au Lodwar huyasoma bila ya kulipa ada. Kisha kuna Moodle, programu ya kuendeshea masomo. Aliyeiunda, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia mahali pa mbali mno na shule, akafundishwa kwa redio. Mwaka wa 2002 aliitoa kwa leseni inayokiruhusu chuo chochote kuichukua, kuiweka katika mitambo yake chenyewe na kuibadilisha kipendavyo. Hakuna awezaye kukinyang'anya.

Lakini tusijidanganye. Hata kisima cha wakfu chataka kamba, ndoo na mtu wa kukisafisha. Moodle yataka mitambo, umeme wa kutegemewa na fundi anayelipwa kila mwezi. Wakubwa wa vyuo wakisikia neno "bure" husahau kutenga fedha hizo, kisha mambo yakikwama lawama humwangukia mhadhiri.

Na mwanafunzi je? Maji ni bure, lakini njia ya kisimani yalipiwa. Mtoto wa mvuvi wa Kipini hununua intaneti kwa shilingi za kuhesabu, na mhadhara mmoja wa video waweza kuzimaliza zote. Mhadhiri mwenye huruma ataandika maelezo mafupi, au atatia sauti peke yake, ili mwanafunzi ayapakue mara moja ayasome hata mtandao ukikatika.

Liko jingine linalonisumbua zaidi. Visima hivi vimejaa Kiingereza. Mihadhara ya tungo za Muyaka na fasihi ya Kiswahili itolewayo vyuoni mwetu kila mwaka huwekwa wapi? Mingi ikibaki katika makundi ya simu, simu ikipotea na ilimu yapotea. Wahadhiri wetu na wachimbe kisima chao, waweke humo mihadhara hiyo kwa leseni ya wazi, ili wa Mombasa, wa Unguja na wa Bujumbura wachote pamoja.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tunywe mtungini leo kwa kuwa tuna kiu, lakini majembe yawe mikononi.