MTOTO AKIKUITA MCHEZONI, ENDA



Najua wengine watacheka wakiona habari za michezo ya watoto katika karatasi ya chama. Watasema, "Je, shauri la mishahara limekwisha hata tuletewe habari za vifuniko vya soda?" Halikwisha. Lakini saa ambazo tajiri anazichukua kwetu zatoka mahali fulani, na mara nyingi zatoka kwa mtoto ambaye hawezi kuleta malalamiko yake ofisini kwa chama.

Mimi hufanya zamu ya usiku. Mke wangu huondoka alfajiri kwenda sokoni, nami ndipo narudi. Mtoto wetu wa miaka mitatu hushinda kwa mama mmoja mtaani anayelea watoto wa watu wengi katika chumba kimoja. Simlaumu mama huyo. Bila yeye sisi sote tusingekwenda kazini. Mwaka jana mtoto akaanza kuamka usiku akilia, akawa anauma watoto wa jirani, na kitanda ambacho alikwisha acha kukilowesha akakilowesha tena. Mimi nikafanya kama walivyofanya wazee wangu, nikamgombeza, na siku moja nikamchapa. Mambo yakazidi.

Tulipompeleka kliniki, nesi alimpima, hakuona ugonjwa. Akaniuliza, "Baba, mara ya mwisho ulicheza naye lini?" Nikamjibu kwa habari za kodi ya nyumba na bei ya unga. Akanyamaza akiningoja, na mimi nikaona haya.

Shauri alilonipa lilikuwa dogo: dakika kumi kila siku, simu iwekwe mbali, na mtoto awe ndiye msimamizi. Yeye achague mchezo. Mimi nimfuate, nitaje anachokifanya, nisimwamuru, nisimsahihishe, nisimtahini kwa kumwuliza hii ni rangi gani. Akitaka kujiumiza au kumwumiza mwenziwe, hapo ndipo nimzuie.

Ndugu, ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani! Siku ya kwanza alipanga vifuniko vya soda kama malori. Kabla ya dakika mbili nikasema, "Hapana, lori haliingii hivyo." Akaacha kucheza, akaenda zake. Mtu aliyezoea kuamriwa mchana kutwa, akifika nyumbani naye hutafuta wa kumwamuru.

Siku ya tano aliniambia nilale chini, mimi ndimi mtoto. Yeye akavaa kofia yangu ya kazi, akashika mlango, akasema, "Baba anakwenda. Usilie. Nisisikie kelele." Alifanya hivyo mara sita au saba, akitoka na kurudi, na kila akirudi alinishika uso aone kama nipo. Hapo nikafahamu kile ambacho makofi yangu yasingeniambia kamwe. Mtoto mdogo hana maneno ya kusema "nina hofu kwamba hutarudi". Huyasema kwa mchezo, na akiona mkubwa ameyapokea bila kumkemea, moyo wake hutua. Zilipita wiki nyingi kabla ya kulala vyema, wala sisemi kwamba mchezo ni dawa ya kila kitu. Mtoto aliyekuwa akisema akaacha kusema, au asiyegeuka akiitwa, apelekwe kliniki upesi.

Wasiosadiki hadithi ya mtu mmoja, na wasikie habari za Jamaica. Mjini Kingston, katika miaka ya 1986 na 1987, Sally Grantham-McGregor na wenzake walianza kazi na watoto 129 wa watu maskini, waliodumaa, wa umri wa miezi 9 hadi 24. Nyumba za baadhi yao zilitembelewa kila juma kwa muda wa saa moja, miaka miwili. Waliokwenda hawakuwa madaktari bali wafanyi kazi wa afya wa kawaida, na vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya nyumbani. Mama alionyeshwa namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto wake. Mafunzo hayo yalikuwa mapana kuliko huku kumfuata mtoto ninakokusimulia, lakini mzizi ni mmoja. Watoto hao walipofika miaka 17 na 18 walikuwa na wasiwasi na huzuni pungufu kuliko wenzao wasiotembelewa. Miaka 20 baada ya kazi hiyo, mapato yao yalizidi ya wenzao kwa kadiri ya asilimia 25. Ni tajiri gani aliyewahi kutupa nyongeza kama hiyo?

Basi tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya wanawake, au ya watu wenye nafasi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa baba wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili mtoto anapozaliwa. Wangapi kati yetu wamezichukua zote? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mahali pa kunyonyeshea kazini na nafasi ya mama kwenda kunyonyesha. Katika kiwanda chetu, mahali hapo ni stoo ya mifagio.

Na liko jambo ambalo halimgharimu tajiri hata senti moja. Zamu zetu hubandikwa jioni kwa ajili ya kesho yake. Mtu hawezi kumwahidi mtoto wake dakika kumi ikiwa hajui kesho atakuwa wapi. Katika mkutano ujao wa tawi nitaleta azimio kwamba mapatano yajayo yataje hivi: orodha ya zamu ibandikwe siku saba mbele. Nataka mtu wa kuniunga mkono, na ningefurahi zaidi akiwa mwanamume.

Mfanyi kazi wa zamu ya usiku