Eti Bodi Imekufa!

Leo siandiki kuhusu programu. Naandika kuhusu friji, tena naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo aliyekuja kutafuta habari za PHP na arudi wiki ijayo.

Friji yetu ni ile aina yenye friza chini na sehemu ya kawaida juu. Mwezi uliopita maziwa yalianza kuchacha kabla ya siku mbili kuisha, na sukuma wiki ikanyauka kama imesahauliwa juani. Chini kwenye friza nyama ilikuwa ngumu kama jiwe. Mambo ya maziwa ningeyavumilia, lakini rafu ya juu ndiyo tunayoweka insulini ya mama. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya digrii 2 na 8. Nilitia kipimajoto nikasoma 14. Usiku huohuo dawa ikahamia kwa jirani, nami nikaanza kutafuta fundi.

Fundi wa kwanza aliweka sikio kwenye kompresa, akatikisa kichwa. "Mkubwa, hii gesi imeisha." Shilingi 4,500. Nikamuuliza, kama gesi imeisha, mbona friza iko digrii 17 chini ya sifuri? Akajibu kwamba iliyobaki inatosha chini tu. Ndugu msomaji, friji ya namna hii ina koili moja ya kutengeneza baridi, nayo imejificha nyuma ya friza. Baridi ya juu ni hewa ileile ya chini, inasukumwa na feni kupitia njia iliyo ukutani, kwa sababu hewa baridi ni nzito na haipandi yenyewe. Gesi ikipungua, friza nayo italegea. Friza ikiwa imara na juu kuna joto, uliza kwanza habari za upepo: feni, kilango cha hewa, au barafu iliyoziba njia. Nilimpa nauli tukaachana kwa amani. Huyu simlaumu sana. Hakuna aliyewahi kumpa mwongozo wa friji hii, na nitaeleza kwa nini.

Hasira yangu ni kwa wakala rasmi. Alituma kijana nadhifu mwenye fulana ya kampuni, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja mlangoni, namba ikajitokeza kwenye kioo, akaifuta haraka. Nikauliza ile namba ina maana gani. "Hiyo ni ya ndani, bwana." Kisha: bodi imekufa, shilingi 31,500, tena bodi yenyewe haipo nchini, itachukua wiki sita, heri ninunue friji mpya, wana ofa.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Mashine ikinipa namba ya kosa, hiyo namba ni yangu. Umeme ulioitoa nimelipia mimi, na kioo kilichoionyesha nimelipia mimi. Kuificha ni sawa na mimi kumuuzia mteja mfumo wa mahesabu, halafu ukikwama nimwambie faili la kumbukumbu za makosa ni siri, anunue mfumo mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Stallman alinyimwa kodi ya printa pale MIT, na hasira hiyo ni moja ya mambo yaliyomfikisha kwenye mradi wa GNU aliotangaza 1983. Sisi wa kompyuta tunaipenda sana hadithi hiyo, tunaisimulia kila mkutano. Tukifika jikoni tunakubali kila tunachoambiwa.

Basi nikaamua kuisoma mashine mwenyewe. Nilichomoa waya ukutani (si kuzima swichi tu, chomoa kabisa), nikatoa droo za friza na kufungua kifuniko cha nyuma. Koili haikuonekana. Kulikuwa na ukuta wa barafu, mweupe, kutoka juu hadi chini, umeifunika mpaka feni. Hapo jibu lilikuwa nusu tayari. Friji zisizoganda barafu huwa na hita ndogo chini ya koili, inayowashwa kila baada ya saa kadhaa kuyeyusha umande ulioganda. Hita isipowaka, barafu hujijenga polepole mpaka hewa ikose pa kupita. Na ndiyo sababu ukiiacha friji wazi siku nzima barafu iishe, itafanya kazi vizuri wiki moja au mbili halafu irudi kulekule. Watu wengi huchukulia hizo wiki mbili kuwa kupona.

Barafu ilipoyeyuka nilishika multimita. Hita imeandikwa wati 160. Kwa umeme wetu wa volti 240, hesabu ni 240 mara 240 gawanya kwa 160, yaani omu 360. Nilisoma 355. Hita nzima. Pembeni yake kuna kidude cha plastiki chenye vitu viwili ndani: swichi inayofunga mkondo koili ikiwa baridi sana na kuukata ikipata joto, na fyuzi ya joto ambayo ikishaungua haifufuki. Swichi hiyo, ukiipima ikiwa na joto la chumba, itaonekana imekatika, na hiyo ni kawaida. Ilitumbukize kwenye barafu yenye chumvi kwanza. Yangu haikukata hata ilipokuwa na joto. Fyuzi nayo ilikuwa imeungua. Yaani swichi iligoma kufunguka, hita ikapata joto kupita kiasi, fyuzi ikajitoa mhanga kuokoa nyumba. Bodi haikuwa imekufa. Bodi ilikuwa ikitoa amri na hakuna wa kuitii.

Kupata spea ilikuwa safari nyingine. Namba ya modeli iko kwenye kibandiko ndani, nyuma ya droo ya mboga, na usiishie kwenye mkwaju: tarakimu zilizo baada yake ndizo zinazotofautisha friji mbili zenye sura moja. Kwenye intaneti kidude hicho kinauzwa Uingereza, lakini nauli yake inazidi bei. Nikaenda Luthuli Avenue. Muuzaji wa kwanza hakukijua. Wa tatu, mama mmoja mwenye miwani, akaniambia, "Leta ile mbovu nione, jina la friji halinisaidii." Akasoma maandishi madogo: volti 250, ampea 10, fyuzi ya digrii 72. Akatoa kinachofanana, cha friji ya kampuni nyingine kabisa, kimetofautiana rangi ya waya tu. Shilingi 650.

Mmoja pale pembeni alinishauri niunganishe waya moja kwa moja, niokoe hata hiyo 650. Tafadhali usifanye hivyo. Friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo ni isobutani, jamaa wa gesi ya kupikia. Hita isiyo na fyuzi karibu na plastiki na gesi hiyo ni kiberiti.

Na hapa mawakala huninyooshea kidole: unaona, ndiyo maana tunaficha, mtajiunguza. Sikubali. Mfumo wa gesi uachiwe mwenye mafunzo, sawa. Lakini fyuzi, sensa, raba ya mlango na rafu si gesi. Umoja wa Ulaya ulitenganisha mambo haya katika Kanuni ya 2019/2019, inayotumika tangu Machi 2021: thamostati, sensa na bodi zipatikane kwa mafundi kwa angalau miaka 7 baada ya friji ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, na raba za mlango kwa miaka 10, hata kwa mwananchi wa kawaida. Viwanda vingi vinavyouza huko vinauza na hapa. Spea ambazo huko ni lazima ziwepo, huku tunaambiwa hazipo nchini.

Wala hatuna upungufu wa maandishi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Tangu kanuni za 2016 friji huwekewa lebo ya nyota za matumizi ya umeme. Vizuri. Lakini friji ya nyota tano inayotupwa mwaka wa nne kwa sababu ya fyuzi ya shilingi 650, imeokoa umeme gani?

Insulini imerudi rafu ya juu. Asubuhi ya leo kipimajoto kilisoma 4. Jumatatu nilipeleka barua kwa wakala, nikabaki na nakala yenye muhuri wao. Nimeuliza mambo matatu: ile namba iliyofutwa ilisema nini, orodha ya namba zote iko wapi, na kijana wao alipima nini kabla ya kutamka bodi. Wakinijibu nitaweka jibu lao hapa, neno kwa neno.